Hadubini ya Sebuleni kwa Maxwell

Maxwell Odiwuor anajitolea. Ukikutana naye stejini Rongo, hata kabla hujamaliza kumsalimu, atakuwa amekwambia. Anajitolea shuleni, anajitolea kanisani, anajitolea matangani, na popote anapojitolea lazima pawe na kiti cha mbele, chupa ya maji na mtu wa kumpiga picha. Mimi pia ni mtu wa kujitolea, tena tuko kikundi kimoja, kwa hiyo msidhani ninamwonea wivu. Unamwonea wivu mtu mwenye kitu. Maxwell ninamdharau tu, na sababu nitawapa.

Alizaliwa Awendo, mahali ambapo miwa ilianzia nyuma ya choo chao. Baba yake alikata miwa, kaka zake walipakia miwa kwenye trela, naye alipomaliza kidato cha nne akapata kazi ndani ya kiwanda, upande wa maabara. Neno hilo, maabara, ndilo lililomharibu. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa za kupimia utamu wa maji ya miwa. Hiyo ni kazi safi na haina aibu yoyote. Mama yangu aliosha sahani za hoteli kule Nyamira mpaka sisi sote tukasoma. Lakini hakuna aliyewahi kumsikia Maxwell akitaja chupa. Yeye alisema, "Tulikuwa tunafanya analisisi." Aliisema kwa miaka yote aliyokaa pale, na alipostaafu aliondoka na koti jeupe ambalo alisahau kulirudisha, kama kweli alisahau.

Alijenga Rongo, nyumba ya matofali yenye madirisha makubwa, pamoja na mke wake Bathsheba. Bathsheba ni Msabato wa kweli kweli, na katika mtaa ule anajulikana kwa kitu kimoja: vyombo vyake vinang'aa. Kila Ijumaa, kabla jua halijazama na Sabato kuingia, anatoa sufuria zote nje na kuzisugua kwa mchanga laini unaoletwa kutoka ziwani, mpaka mtu aweze kuchana nywele kwa kujitazama humo. Wanawake wa huku wanashindana kwa hilo. Nyumba yenye sufuria nyeusi inasemwa vibaya, na ya Bathsheba haijawahi kusemwa.

Kikundi chetu kinaitwa Sayansi Mkononi. Tuko walimu wachache, fundi redio mmoja, muuza dawa mmoja, na Maxwell. Wageni fulani waliopita Homa Bay walituachia sanduku lenye sumaku, waya, balbu, vioo vya kukuzia vitu, na hadubini moja nzito ya chuma, nzuri ajabu. Nia yetu ilikuwa nyepesi. Shule zetu za msingi zimeongezewa madarasa ya sekondari ya chini bila kuongezewa maabara, basi sanduku litembee shule hadi shule, watoto washike vitu wenyewe, na kama ni kuvunja wavunje wenyewe. Siku ya kugawana kazi fundi redio alichukua waya, mimi nikachukua sumaku, na Maxwell akasimama na koti lake jeupe katika jua la saa nane, akatuambia kwamba kifaa nyeti kama hicho kinahitaji mtu aliyezoea maabara. Tulikuwa tumechoka na tuna njaa. Tukampigia makofi, na hadubini ikaenda Rongo.

Ngoja niwaeleze jinsi Maxwell anavyofundisha sayansi kwa vitendo. Nilimwona Masara, upande wa Suna Magharibi, mahali pa wachimba dhahabu. Watoto wa pale wakitoka shule wanawasaidia wazazi kuosha mchanga, na wengi wameshika zebaki kwa viganja vitupu na kuibiringisha kama gololi. Ni sumu, na hakuna aliyewakataza. Watoto hao hao Maxwell aliwapanga mstari nje ya darasa.

"Mikono nyuma," alisema. "Hakuna kugusa meza. Hakuna kugusa maikroskopu. Na usipumulie hapo."

Mtoto alifika, akainama na mikono yake imefungwa nyuma kama mahabusu, akaweka jicho. Hata kabla hajalituliza Maxwell akauliza, "Unaona?" Mtoto akajibu, "Naona." Maxwell akasema, "Sema asante." Mtoto akasema asante, akaondoka, akaja mwingine. Mimi nilikuwa darasa la jirani na sumaku zangu, nikiwatazama kupitia dirisha. Mstari ulipoisha aliwaingiza ndani, akachora seli ya kitunguu ubaoni kwa chaki, akawaambia waichore. Jioni alituma picha kwenye kundi letu la WhatsApp, yeye mbele, watoto nyuma, na maandishi chini: Leo wanafunzi wa Masara wamefikiwa.

Nilimwambia siku hiyo hiyo kwamba watoto wanapaswa kushika. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Madam Jedidah," akasema, "wakishika wataharibu. Hii kitu inatakiwa ikae miaka mingi."

Mimi ninafundisha Sayansi Jumuishi katika shule iliyo juu kidogo ya ufuo, upande wa Homa Bay. Kila mwaka ninachora seli ubaoni. Nimeichora mara nyingi kiasi kwamba mkono unaichora wenyewe huku nikifikiria mboga ya jioni. Mwaka huu, katika Gredi ya Nane, nina msichana anaitwa Terry, binti wa muuza omena, mtoto anayeuliza maswali mpaka wenzake wanaguna. Nilipokuwa nachora aliinua mkono akasema, "Madam, na kama si hivyo?" Nilimuuliza ana maana gani. Akasema, "Hii seli. Tunajuaje iko hivyo na hakuna mtu ameiona hapa?"

Sikuweza kulala vizuri na swali lile. Nikaamua kwamba kabla muhula haujaisha darasa lile litaona kitu kimoja kwa macho yao, kitu kimoja tu, seli ya kitunguu, na Terry awe wa kwanza. Sikutaka kingine. Nikamwandikia Maxwell kuomba hadubini. Akajibu kwamba iko kwenye matengenezo. Nikaandika tena, akajibu kwamba barabara ni mbaya na kifaa hakipendi kutikiswa. Mara ya tatu alinitumia picha yake mwenyewe akiwa Ndhiwa na koti jeupe, bila neno. Basi Jumapili moja nikapanda gari mpaka Rongo kuichukua mwenyewe.

Nilikuta viatu vingi mlangoni. Wakwe watarajiwa walikuwa wamekuja. Lynnet, binti wa Maxwell na Bathsheba, amechumbiwa na kijana wa Kisii, na ujumbe wa kwao ulikuwa umeketi sebuleni ukiongozwa na ami wa kijana, mzee Nyakundi, mtu mpole mwenye kofia magotini. Ningerudi, lakini Bathsheba alikwisha kuniona.

"Karibu, Madam," akasema. "Keti, unywe chai. Umefika siku nzuri."

Sebule yenyewe mnaijua, hata kama hamjafika. Kila kiti kina kitambaa cha kroshia. Kila meza ndogo ina kitambaa. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, kabati ya vikombe ina kitambaa chenye maua mekundu. Katikati ya chumba, juu ya meza peke yake, kulikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa kitambaa cheupe chenye pindo la buluu, kimeshonwa kwa kipimo chake, hata na tundu la kupitishia bomba la juu. Nilikitambua. Hadubini ya watoto wa Migori na Homa Bay ilikuwa imevishwa nguo na kuwa pambo la nyumba.

Nilitaka kucheka, kisha nikakasirika, kisha chai ikaletwa.

Maxwell hakunionea aibu hata kidogo. Alifurahi, kwa sababu sasa alikuwa na shahidi. Aliwaambia wageni kwamba huyu mwalimu anafanya kazi chini yake katika mambo ya sayansi. Kisha akasimama, akavua kile kitambaa polepole, na chuma kikamulika chumba kizima. Sijawahi kuona chombo kinang'aa vile. Wageni wakasema eee.

"Min Lynnet, lete kitunguu," Maxwell akamwambia mkewe.

Akamenya, akaweka ganda juu ya kioo, akasogeza hiki na kile, akawaalika wageni mmoja mmoja. Mzee Nyakundi akainuka wa kwanza, akakunja mgongo, na bila kuambiwa akaweka mikono nyuma.

"Unaona?" Maxwell akauliza.

"Naona kabisa," mzee akasema. "Iko na mistari mistari. Sisi huko kwetu hatujaona kitu kama hii."

Wakaona wote. Mama wa kijana akaona, shangazi akaona, hata kijana mwenyewe akaona, akasema inapendeza. Ilipofika zamu yangu niliinama nikatazama. Palikuwa na weupe. Sikuona kitunguu wala mstari, nikaona weupe mzito tu, kama dirisha la bafu. Nikazungusha gurudumu dogo la kusogezea juu, nikazungusha chini, weupe ukabaki pale pale. Nikafungua lenzi ya chini nikaishika kwenye mwanga wa dirisha. Kioo kilikuwa kimekwaruzwa chote, maelfu ya mikwaruzo midogo ya duara, hakuna mahali pa kupitisha jicho.

"Nimeisugua mimi mwenyewe," Bathsheba akasema kwa fahari, akidhani ninastaajabia usafi. "Kila Ijumaa pamoja na sufuria. Tangu ilipofika. Si unaona vile inang'aa?"

Tangu ilipofika. Nilihesabu shule kichwani, Masara, Ndhiwa, Awendo, Karungu, mistari yote ile ya watoto wakisema naona na asante. Nikawatazama wakwe. Walikuwa wamejaa heshima, midomo imefungwa, kwa kuwa hakuna mtu anayekwenda kuposa akamwambia baba mwenye nyumba kwamba haoni kitu. Bathsheba sikumlaumu, yeye alisafisha alichopewa. Lakini yule mwanamume aliinama kwenye bomba lile mbele ya kila darasa, akaweka jicho, akaona weupe, akasema tayari. Niliirudisha lenzi mahali pake kwa ajili ya Lynnet, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia.

Nilimngoja Maxwell getini.

"Lenzi imekufa," nikamwambia. "Hakuna kinachoonekana. Umekuwa ukijua."

Aliangalia barabara, akanyoosha shati.

"Wageni wangu wote wameona," akasema. "Umeshindwa wewe peke yako. Jiulize, Madam. Pengine ni macho."

"Watoto wa Masara wameona nini?"

"Wameona maikroskopu," akasema. "Wewe ulipokuwa mtoto uliwahi kuona moja? Wamefurahi. Wameenda nyumbani wakasema. Hiyo si kitu?" Akanishika bega kama mzee wa kanisa. "Jumatano ninakuja kwako. Mwalimu mkuu wako nimeshaongea naye."

Na kweli alikuwa ameshaongea naye. Jumatatu nilipomweleza mwalimu mkuu habari za lenzi, alikuwa ameshaagiza soda na kumwalika mwenyekiti wa wazazi. Akaniambia nisiharibu siku ya watu kwa mambo madogo ya vioo. Mambo madogo ya vioo, mtu huyu ana shahada.

Sikubishana. Kuna ujanja nilikuwa nimeusikia kwenye semina: ukidondosha tone la maji juu ya kamera ya mbele ya simu, tone lenyewe linakuwa lenzi. Nilijaribu nyumbani, nikalowesha simu, nikajaribu tena. Nilijifunza kuweka tone dogo, kushika ganda jembamba la kitunguu chekundu juu yake karibu kabisa, nikielekea dirishani. Mara ya kwanza zilipotokea nilikaa chini. Zilikuwa seli. Zilikuwa za zambarau, zimebanana, nyingine zimepasuka, nyingine zina povu la hewa ndani, zimepinda huku na huku. Sijui kama nimewahi kupenda kitu cha kitunguu namna ile. Nililia kidogo, jikoni, na simu imelowa.

Jumatano Maxwell akafika na koti lake na kitambaa chake cha pindo la buluu, na mwalimu mkuu akamtambulisha kwa watoto kama Daktari. Alihutubia. Alisema alipokuwa katika analisisi ya kiwanda alijifunza kwamba sayansi ni nidhamu. Mwenyekiti wa wazazi akapiga makofi. Kisha mstari ukapangwa, na darasa langu lote la Gredi ya Nane likapita mbele ya lile dirisha la bafu, mikono nyuma.

"Unaona?"

"Naona."

"Sema asante."

Terry alipofika nilisogea karibu. Aliinama muda mrefu kuliko wenzake, Maxwell akaanza kukohoa.

"Terry, unaona nini?" nikauliza.

Alinitazama, akamtazama Maxwell, akamtazama mwalimu mkuu aliyekuwa na soda mkononi.

"Seli," akasema kwa sauti ndogo.

"Iko namna gani?"

"Kama ya kitabu, Madam."

Iliniuma kuliko nilivyotarajia, kutoka kwake. Picha zilipokwisha kupigwa, na wakubwa wakaenda ofisini kunywa, nilifunga mlango wa darasa nikatoa simu. Maxwell alibaki nyuma akikunja kitambaa chake. Niliwaambia watoto wasogee wote, washike simu, washike kitunguu, washike maji, watone wenyewe. Mwanzoni hawakusogea. Nikachukua mkono wa aliyekuwa karibu nikaubandika kwenye kitunguu. Kidogo kidogo wakajazana mezani, wakamwaga maji, wakalowesha shati zao, wakapata weusi, wakapata kidole cha mtu, na mwishowe zikatokea. Zambarau kioo kizima.

Nilingoja. Nilikuwa nimeingoja siku hii muhula mzima.

"Hii ni filta," mvulana mmoja akasema.

"Si filta. Ni kitunguu ulichoshika wewe mwenyewe."

"Lakini ile ya Daktari haikuwa na rangi," mwingine akasema. "Ile ilikuwa poa. Hii imeharibika."

"Zimepinda," akasema mwingine. "Zinatakiwa ziwe kama matofali."

Maxwell, kule nyuma, akacheka kwa pua. "Simu ni ya TikTok, Madam," akasema. "Usiwachanganye watoto." Nikamwambia atoke darasani kwangu, na sikumwambia kwa heshima. Alitoka bila haraka na hadubini yake kifuani, akaelekea kwenye soda. Leo ninapoandika bado anazunguka nayo, na nimesikia ameitwa shule tatu za Rangwe.

Niliwaambia watoto wachore. Walirudi kwenye viti vyao, na nilipopita katikati ya madawati niliona matofali. Dawati baada ya dawati, matofali mazuri yaliyonyooka, kiini cha duara katika kila tofali, kama yalivyo kitabuni na kama ninavyoyachora mimi ubaoni. Walikuwa wameshika kitu chenyewe dakika chache zilizopita, maji hayajakauka mikononi, na wakachora matofali. Niliwachukia kidogo, Mungu anisamehe, kisha nikafika kwa Terry.

Terry hakuwa anachora matofali. Alikuwa ameinamia karatasi, ulimi nje, akichora kuta zilizopinda. Alichora ile iliyopasuka. Alichora povu la hewa. Alikuwa amefika nusu ya ukurasa, na ulikuwa mchoro mbaya, wa kweli, ulionifanya nishike kingo za dawati. Akainua kichwa.

"Madam," akasema, "kwa mtihani tuchore gani? Hii ama ya kitabu?"

Darasa zima likaacha kuandika likanigeukia. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, juu ya macho yake na juu ya swali lake la siku ile. Lakini mwongozo wa kusahihisha ninaujua, nimesahihishia watoto wengi kwa huo: kuta zinyooke, kiini kionekane, majina yaandikwe pembeni kwa mistari isiyokatana. Mtoto akichora vitu vilivyopinda vyenye povu la hewa atapewa sifuri, na mtu wa kumwandikia hiyo sifuri kwa kalamu nyekundu ni mimi.

"Ya kitabu," nikasema.

Terry akaomba kifutio kwa jirani yake, akafuta, akapuliza uchafu chini, akachora tofali la kwanza.